Ubao Mmoja

Kemijärvi, wiki ya tatu ya Juni.
Jua limekataa kuzama,
kama mgeni aliyekwisha kula na bado hajaaga.
Saa sita usiku linachungulia pazia la jikoni,
linaangukia ukurasa wa mia mbili na kumi na moja,
na mimi sina taa ya kuzima,
sina kisingizio cha kulala
wala cha kuamka.

Saa huhesabiwa tangu mapambazuko.
Sasa pambazuko lenyewe likiwa refu hivi,
saa moja naianzia wapi?
Nilimwambia mama, "Nitapaka rangi kesho."
Nilisema kweli.
Kesho haijafika.

Uzio una mbao themanini na nne.
Nimezihesabu, maana kuhesabu si kazi.
Kopo la rangi nyekundu liko ngazini tangu Mei,
brashi imekauka, imesimama wima
kama mkia wa paka aliyeshtuliwa.
Jirani yetu, mzee Taisto, amekata nyasi zake mara tatu,
na kila akinipita hunitazama bila hasira,
kama mtu anayesoma ratiba ya basi
lililokwisha ondoka.

Ofisi ya ajira imeniandikia tena.
Bahasha yao nzuri, nzito, haipindiki.
Ndiyo alama yangu ya kurasa.
Tumesafiri nayo jangwani,
tumelala nayo katika tumbo la meli ya chuma,
tumekaa kikao cha wajane wawili wanaogombea cherehani,
na haijafunguliwa.

Dada yangu Sohvi hupiga simu kutoka Turku.
"Unafanya nini?"
"Nasoma."
"Haya. Lakini unafanya nini?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Niliinama.
Nikakuta soksi moja, vumbi,
na kitabu cha ufugaji wa nyuki
ambacho maktaba inanidai tangu Februari.
Nikakisomea huko huko mvunguni, kifudifudi, mpaka shingo ikalia.
Sina nyuki.
Lakini sasa najua chakula cha malkia,
najua jinsi ya kutuliza mzinga kwa moshi,
na kwamba madume hukaa tu majira yote ya joto,
wanakula, wanaota jua,
hadi baridi inapokaribia,
ndipo dada zao huwaburura nje mmoja mmoja.
Sura hiyo niliisoma mara mbili.

Natamani mambo mengi, msinielewe vibaya.
Ila kila ninachokitamani
nakikuta kimekwisha tendeka,
kwa watu wengine, katika wakati uliopita,
kikiwa na mwanzo na mwisho na nambari chini ya ukurasa.
Siku zangu mimi hazina nambari.
Nikizifungua, zinajifunga zenyewe
kama kitabu kipya ambacho uti wake haujavunjwa.

Jana, au leo, au usiku ule ule usiokwisha,
mbu walinitoa kitandani saa nane.
Mji wote kimya, mwanga wa manjano juu ya mabati,
hakuna aliyekuwa macho wa kunisifu.
Labda ndiyo maana.
Nikachokonoa kopo kwa kijiko cha supu,
ngozi ya rangi ikapasuka,
brashi nikailainisha, ikalainika nusu.
Nikapaka ubao mmoja.
Wa tatu kutoka langoni, sijui kwa nini wa tatu.
Niliupaka vizuri, hata ubavuni,
hata kule chini unakokutana na nyasi,
ambako hatatazama mtu ila sungura.
Kisha nikakaa ngazini kungoja ukauke,
na kungoja kunataka kitabu.

Mzee Taisto akatoka na kikombe cha kahawa,
amevaa koti la kuogea, viatu vya mpira.
Akautazama ubao. Akanitazama.
"Mmoja," akasema.
"Mmoja," nikajibu.
Akapuliza kahawa, akarudi ndani.

Ukurasa wa mia mbili na arobaini
una alama nyekundu ya kidole gumba.
Helka wa maktaba ataiona.
Nitamweleza kesho.